Dishi Uliloagiza Limefungwa

Kwako Kaka Mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kazi inakwenda, wifi na watoto hawajambo, na kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipoongea mara ya mwisho kimekuacha. Sisi huku tupo. Mimi ni mzima nikisimama. Nikikaa ndipo naanza kujua panapouma. Baba anakula vizuri, analala vizuri na anabishana vizuri, kwa hiyo kwa upande huo usiwe na wasiwasi. Upande mwingine nitaufikia.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo mfukoni. Kaka, wewe na simu hamuelezeki. Ukipiga unaanza kutoa maagizo kabla sijamaliza kuitikia salamu, na ukimaliza maagizo una kikao. Halafu hata nikijifungia jikoni na kufungulia bomba, Baba anasikia kila neno, na kesho yake ananisahihisha. Basi nimeamua kuandika. Barua anaibeba dereva wa karakana yetu ya ushonaji, anayekuja huko kuchukua vitambaa. Nimemwambia akupe mkononi mwako, asimwachie mlinzi.

Uliuliza habari ya dishi. Limefungwa, na linashika. Lakini nataka ujue lilivyofungwa, kwa hiyo vumilia.

Uliniambia nichague lililo zuri, kana kwamba zuri limeandikwa usoni. Nilizunguka madukani jioni baada ya jioni, nikitoka kazini na miguu imevimba. Muuzaji wa kwanza alitaka kuniuzia dishi kubwa kama sinia la harusi, akasema halina malipo ya kila mwezi na linakamata stesheni za nusu ya dunia. Nikamuuliza ngapi kati ya hizo zinaongea lugha anayoielewa Baba, akaanza kupangusa vumbi kwenye kaunta. Wa pili alikuwa na dishi dogo na king'amuzi chake, na vifurushi vyenye majina kama manukato: kile chenye mpira hakina taarifa ya habari, chenye taarifa hakina mpira, na chenye vyote viwili kinataka ulipie pia katuni. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma kuliko nilipotoka kazini.

Mwishoni nikaamua kwenda na Baba mwenyewe, maana ndiye atakayetazama. Alinishika mkono njia nzima. Nikafikiri ni uzee, au ni mapenzi, vyote viwili vikanifurahisha. Pale dukani ukuta mzima ulikuwa televisheni, zote zinaonyesha mechi moja, na muuzaji akawa anamsifia Baba jinsi majani ya uwanja yalivyo ya kijani. Baba akamjibu kwamba majani anayajua tangu utoto, aongeze sauti. Hakuuliza kingine zaidi ya sauti. Akauliza kama watangazaji wa mpira wanatangaza Kiswahili na kama wanataja majina ya wachezaji au wanapiga kelele tu. Alipopewa rimoti akaipapasa, akairudisha, akataka yenye vitufe vilivyoinuka. Mimi na muuzaji tukacheka. Tukachukua dishi dogo, na kifurushi chenye mpira na habari za kutwa. Televisheni uliichagua wewe, kwa hiyo sitasema kitu, ila imekula ukuta wote wa sebule, na picha ya Mama imebidi ihamie koridoni.

Unajua kwa nini tulihangaika hivyo, lakini acha nikukumbushe, maana wewe una mambo mengi. Bosi wangu anafungua karakana ya pili kwenye mji ule wa mbali, na amenitaka mimi niwe msimamizi. Naanza mwezi ujao. Nikikataa, nafasi anapewa mwenzangu, na mimi nitabaki kwenye cherehani ileile mpaka mgongo ukatike. Nimekaa na Baba tangu Mama alipofariki. Wenzangu wameolewa, wameachika, wameolewa tena, mimi nipo. Wewe ndiye uliyesema niende, kwamba Baba atakuwa na televisheni ya kumchangamsha, Bi Jirani atampikia, na wewe utakuwa unatuma. Nilikushukuru mpaka ukaniambia nitulie. Sijawahi kutaka kitu maishani kama ninavyoitaka kazi hii, Kaka. Nakuambia mapema ili ukifika mbele usisahau.

Basi Jumamosi akaja fundi. Wanamwita Chapchap. Aliyempa jina hilo alikuwa na utani mbaya, kwa sababu alifika mchana badala ya asubuhi, akanywa maji, akalitazama paa kama mtu anayelipwa kulitazama, akanywa tena maji. Kipimo chake cha mawimbi kilikuwa kimeharibika. Akasema hakuna shida, tutatumia njia ya zamani: yeye atakuwa juu anageuza dishi taratibu, na mtu mmoja atakaa mbele ya televisheni amwambie picha ikiingia. Mimi ilibidi nishike ngazi, maana ina mguu mmoja mfupi. Baba akajitolea. Akajikalia kwenye kiti chake, akajisafisha koo, akatangaza kwamba yupo kazini.

Ikawa Chapchap anauliza kutoka juu kama bado, na Baba anajibu kutoka ndani kwamba bado. Jua lilikuwa kali, bati linamchoma mwenzetu magoti, mimi jasho linaniingia machoni. Mara Baba akapaza sauti kwamba hapo hapo, funga. Chapchap akakaza nati zote, akashuka akijisifu. Tulipoingia, kioo kilikuwa cha buluu tupu, na maandishi katikati yanayosema hakuna mawimbi. Kumbe Bi Jirani alikuwa amewasha redio yake upande wa pili wa ukuta. Chapchap akamwambia Baba kwamba wazee wanapenda utani. Baba akacheka sana, akakubali kwamba ni utani. Fundi akabonyezabonyeza rimoti akitafuta kitu, bila kujua akazima sauti, akapanda tena.

Safari hii nilikuwa nimesogeza ngazi karibu na dirisha la sebule. Nilichungulia nijue kama tunamaliza leo au la. Picha ilikuwa imeingia. Imejaa kioo kizima, mwanamke mwenye blauzi nyekundu anasoma habari, midomo inakwenda, sauti hakuna. Mbele yake amekaa Baba, uso ameuelekeza kwake, ameinua kidevu, ametulia. Chapchap akauliza kama bado. Baba akamjibu kwamba bado, azungushe kidogo.

Kaka, nilibaki nimeshika ile ngazi. Chapchap akauliza tena, Baba akajibu tena, na yule mwanamke anaendelea kusoma habari mbele ya macho yake. Ndipo mambo yakaanza kunijia moja baada ya jingine: magazeti aliyoacha kusoma akidai siku hizi ni uongo mtupu, taa anazoniambia nizime kwa sababu ya umeme, chai anayomimina kidole kikiwa kwenye ukingo wa kikombe. Natoka alfajiri, narudi giza limeingia, napika, naosha, nalala. Nimeishi naye nyumba moja na sikuona.

Nilimwambia fundi asubiri, nikaingia ndani kama natafuta kitambaa, nikarudisha sauti. Baba alipoisikia tu akaruka kitini kwa furaha, akapaza sauti kwamba hapo hapo, asiguse, picha ni safi kama maji. Chapchap akakaza nati. Aliposhuka aliulizia chakula.

Sasa nikuambie jambo ambalo si zuri. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira. Na baada ya hasira nikawaza kwamba aliyeona ni mimi peke yangu. Fundi anadhani mzee ana mzaha, wewe uko mbali, na Baba mwenyewe hataki ijulikane. Nikinyamaza, naondoka. Hakuna atakayenilaumu kwa kitu nisichokijua. Nilimpakulia Chapchap wali, nikaosha vyombo, nikafua mashuka yaliyokuwa safi, na muda wote huo nilikuwa nimenyamaza, na nilikuwa naona kabisa kwamba ninaweza kuendelea kunyamaza. Natamani nikuambie kwamba mapenzi ya mtoto kwa mzazi ndiyo yaliyoshinda. Sina hakika. Nadhani nilichoka tu kubeba kitu kingine tena peke yangu.

Jioni, kabla jua halijazama, Baba alikuwa mbele ya televisheni anasikiliza mechi. Nikaenda nikasimama katikati, kati yake na kioo. Hakusogeza kichwa. Alikuwa anatabasamu kuelekea tumboni kwangu. Nikamuuliza tangu lini.

Hakujifanya kutoelewa, na kwa hilo nilimshukuru. Akaisikiliza mechi mpaka mpira ukatoka nje, halafu akasema ni zaidi ya mwaka. Jicho moja limekwisha kabisa, la pili limebaki na mwanga kidogo pembeni. Bi Jirani alimpeleka kwa daktari wa macho ile siku waliyoniambia wanakwenda kuangalia mguu. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, ila kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni, na lazima awe anarudi kupimwa ili hicho kilichobaki nacho kisipotee. Matone ameyaweka kwenye kopo la kahawa. Mengi anayamwagia shavuni, maana anajitilia mwenyewe kwa kujificha.

Nilimwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba yeye ana bahati, ameumbuliwa na dishi. Kaka, tulicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka tukacheka, sijui ilianza ipi. Kisha akaniambia alichokuwa anakificha hasa. Alisema alijua nikisikia sitakwenda, na kwamba nimebaki vya kutosha. Alitaka nimuache nikiamini namuacha mzima. Ndiyo maana alikubali televisheni yako haraka vile, mtu ambaye hajawahi kukubali kitu chako bila mabishano. Aliona nikiwa na moyo mweupe, nitaondoka.

Bi Jirani nilimwendea nikiwa nimevimba. Akaniambia aliapishwa, na kiapo ni kiapo. Atampikia, atamfulia, amerudia hilo. Lakini naye ana magoti, na hawezi kumwinua Baba akianguka bafuni, wala kumfikisha kwa daktari kila mara. Ana haki. Si baba yake.

Nimefika kwenye upande ule mwingine, Kaka. Mimi naenda. Nimeshampa bosi jibu, na sitalibadilisha. Hilo najua utalitafutia maneno. Utasema tuajiri mtu, utasema nisubiri mwaka mmoja tu, utasema una majukumu. Mimi kila mwaka nimesubiri mwaka mmoja tu, tangu tulipomzika Mama. Lakini sikuweza kumwambia Baba kwamba naenda halafu ninyamaze. Kwa hiyo nilimwambia jambo la pili. Nilimwambia kwamba ulinipigia simu kazini, kwamba unahamisha kazi zako, na kwamba unarudi nyumbani kukaa naye, wiki ya mwisho ya mwezi huu.

Ndiyo. Hukunipigia. Nimekusemea. Nimekufanyia hivyo kwa makusudi, nikiwa na akili zangu zote, na siombi radhi kwa leo. Labda siku nyingine nikiwa nimelala vya kutosha. Ukitaka kukanusha, namba yake ya simu unayo. Mpigie umwambie mwenyewe kwamba huji. Mimi siwezi kumwambia, kwa sababu tangu siku ile amenyoa ndevu, amemwomba Bi Jirani afagie chumba chako cha zamani, na jana aliuliza kama bado unalalia ubavu wa kushoto, eti godoro lina bonde upande huo.

Sasa hivi ninapoandika amekaa hapa mezani pamoja nami. Ameuliza naandika nini kirefu namna hii, nikamjibu namweleza kaka habari ya dishi. Amesema nikuambie ahsante, na kwamba mtangazaji wa mechi za Jumapili anajua kazi yake. Wifi msalimie sana, nao watoto wabusu kwa niaba yangu. Dereva anarudi huku Ijumaa, ukitaka kuanza kutanguliza mizigo.

Jambo la mwisho. Baba ameniapisha nisikuambie habari ya macho. Anataka ukiingia akuite jina lako kabla hujafungua mdomo, akutambue kwa mwendo, usijue kitu. Ni miaka mingi, Kaka, na sijui kama bado anaukumbuka mwendo wako. Kwa hiyo ukifika getini usije mbio, wala usipige hodi. Tembea polepole.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba