Mashine ya Tofali ya Baba

Kaka Nestory, shikamoo.

Mashine mpya ya kufyatulia tofali uliyotuma imefika Buhongwa salama. Mvua zimeanza, mama anapalilia mpunga.

Baba hataki hata kuigusa. Anang'ang'ania ile kuukuu, ambayo mpini wake umechomelewa mpaka umepinda. Nilimwona mkaidi, nikanuna.

Jana nilimwomba anionyeshe hiyo mpya inavyofunguliwa. Aliipapasa yote akitafuta mpini, na mpini uko pale pale mbele ya macho yake. Ile ya zamani anaijua kwa vidole, kaka. Kumbe macho yanamwishia, na anatuficha.

Nilijifanya sikuona.

Usimuulize tena habari za mashine. Njoo upesi, kabla hujabaki sauti tu kwake.

Mdogo wako,
Evelina