Sanda Iliyozidi Shibiri

Kaka Athmani,

Sijui nikuandikie wapi, maana kaburi lenye jina lako hapa Muyeye, wewe humo. Mwaka wa tatu huu nalijua jambo hili na hapa nyumbani sijamwambia mtu. Leo nakwambia wewe, kwa kuwa mama amenifikisha pabaya.

Ulipoondoka na kikosi ulinicheka, eti mimi nitashona kanzu mpaka macho yapofuke na wewe utarudi na nyota begani. Nilikuuliza mnakwenda kupigania nini katika nchi ya watu. Ukasema, "Rafiki akivamiwa, unamsaidia." Uliamini kweli, wewe. Siku zile redioni ilikuwa rafiki, rafiki, kutwa nzima. Wenzetu wamevamiwa na jirani yao, sisi tupeleke askari, na wao watuuzie mafuta yao rahisi. Hilo la mafuta hamkuambiwa gwarideni.

Ulirudishwa ndani ya sanduku lililopigwa misumari, na afisa akasema lisifunguliwe. Mama akakataa katakata. Mwanawe hazikwi bila kuoshwa, kama mzoga. Sanda nikaikata mwenyewe, bila kupima, kwani vipimo vyako nilikuwa navyo kichwani kwa zile kanzu za Idi. Mimi na Ami Shee, mwosha maiti wa mtaani, tukajifungia chumba cha kuoshea pale msikitini, tukafungua.

Uso haukuwapo. Niliitandika sanda pembeni mwa maiti nikaona imemzidi shibiri nzima. Nikadhani nimekosea, mimi, fundi wa miaka kumi na miwili. Tukaanza kuosha. Mara Ami Shee akasita, mkono uko chini ya ile nguo ya kumsitiri maiti, akaniashiria nisogee. Yule mtu hakutahiriwa.

Wewe na mimi tulitahiriwa siku moja, nyumbani kwa bibi, na aliyelia mpaka majirani wakaja ni wewe. Nililikumbuka hilo papo hapo, nikacheka. Ndiyo, nilicheka mbele ya maiti wa watu. Ami akanitazama, akasema, "Funika. Mama yako yuko nje."

Nikaikata ile shibiri, tukamvisha, tukamswalia, tukamzika. Bila shaka alikuwa askari wa hao marafiki. Mlikufa pamoja, wakawachanganya. Balozi wao alisimama makaburini, viatu vinang'aa, akasema damu yetu na yao sasa ni moja. Nilitamani kumtia mchanga kinywani.

Nimeandika wizarani mara nne. Barua ya kwanza walijibu kwamba wanalishughulikia. Halafu mwaka jana wale marafiki wakapatana na huyo huyo jirani aliyewavamia, wakagawana visima vya mafuta, na sisi tukaonekana nuksi. Wakubwa wakatukanana, balozi akafungasha, na mpaka wetu nao ukafungwa. Karani mmoja alinionea huruma kwenye simu, akasema, "Ndugu yangu, nchi hiyo sasa hatuzungumzi nayo." Basi wewe uko huko, labda chini ya msalaba, kwa jina la mtu mwingine, na waliokuua wanakunywa chai na wale uliowafia.

Mama hajui. Kila Ijumaa alikuwa akipeleka mrehani kaburini, hata Ami alipomkataza, akikaa kumsimulia yule mgeni habari za nyumbani: paa linavuja, mtoto wa dada ameota jino. Sasa hawezi kutembea. Daktari ametwambia hamalizi mwezi. Juzi alinishika mkono, akausia azikwe ubavuni mwako, si pengine popote. Nilifungua mdomo nimwambie. Alikuwa anatabasamu, kaka, mara ya kwanza tangu tulipoletewa lile sanduku. Nikasema, "Inshallah, mama."

Nisamehe. Hasira yangu ningeitoa kwa mabalozi, lakini mwongo wa nyumba hii ni mimi. Nakuahidi sitamwambia. Nitamkatia sanda, safari hii kwa kupima, na nitamlaza pale anapotaka, karibu na mtoto wa mwanamke mwingine. Na barua za wizarani nitaendelea kuziandika, wajibu wasijibu.

Kwaheri, kaka. Na kama huko uliko kuna bibi kizee anakuja kukulilia kwa jina la mwanawe, mvumilie. Usimwambie kitu.

Nduguyo,
Fundi