Boliti Zinazong'aa

Baba,

Shikamoo. Nilizoea kukuamkia nikiwa nimeinamisha kichwa, na hata sasa nimeinamisha, ingawa hakuna wa kunijibu. Ni mimi mkweo, mama Shadia.

Naogopa, Baba. Nakwambia mapema usije ukadhani nimekuandikia kwa adabu tu. Hofu hii ni ya tangu juzi, tangu kichwa cha boliti kilipokatika ndani ya spana yangu. Saa nane mchana leo nina kikao na wazazi wa shule, na sijui nitasimamaje mbele yao.

Ngoja nianze mbali kidogo, nipate pumzi.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Newala nzima ilicheka. Baba mkwe na mkwewe karakana moja, tena mkwe mwanamke anavaa ovaroli! Mama yangu kule Lisekese alinikanya siku ya kuolewa: mkwe hasogelewi, wala haulizwi jambo mara mbili. Nawe ulikuwa na haya kunishinda. Hukuwahi kunipa kitu mkono kwa mkono. Ulikiweka mezani, ukarudi nyuma hatua mbili, ndipo nami nikaenda kukichukua. Ulizungumza ukiutazama ukuta. Mwanao Salumu alikuwa akitutania, anasema baba yake ana wanafunzi wawili, mimi na ukuta, na ukuta ndio unaoelewa haraka. Kila ninachokijua kuhusu chuma nimekipata kwa mtu ambaye sikuwahi kumtazama usoni vizuri.

Siku moja uliweka boliti mbili mezani. Moja inameta kama kijiko kipya, nyingine ya kijivu, ina vipele, utadhani uji ulioungulia. Mimi nikaenda kuchukua ile inayometa, bila shaka. Ukaguna. Ukauambia ukuta:

"Mama Shadia, hiyo imepakwa zinki kidogo tu, kama poda ya bi harusi. Hii nyingine imezamishwa kwenye zinki ya moto, imekunywa ikashiba. Ya ndani ya nyumba, poda inatosha. Ya nje, mpe aliyeshiba."

Ukaniambia pia kwamba ile ya kijivu inataka nati yake yenyewe, yenye nafasi, kwa sababu zinki ni nene. Ukichukua nati ya boliti inayometa ukailazimisha, utaikwangua zinki yote na utakuwa umefanya kazi bure. Halafu ukasema lile neno ambalo mpaka leo nimeliandika kwa chaki juu ya mlango wa karakana: "Kabla hujauliza chuma kina nguvu gani, uliza kitapumua nini."

Sasa mnara wa tangi la maji la shule unapumua nini, Baba? Unapumua salfa. Wewe ulijua kuliko wote. Ghala la salfa liko pale pale nyuma ya uzio. Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, vumbi la njano linakaa madirishani, kwenye madaftari, kwenye nyusi za watoto. Asubuhi unashuka ukungu wetu wa huku juu na kulilowesha. Salfa ikilowana inakula chuma, na zinki ya poda haifiki mbali.

Kazi ile uliikubali wewe, ukaugua kabla hatujakata hata chuma cha kwanza. Tukakupeleka hospitali ya Mkomaindo. Nilikuja kukuona na chupa ya uji, nikasimama mlangoni mwa wodi. Mama, mkeo, alikuwa amekaa kitandani anakukanda miguu. Ulikuwa kifua wazi kwa sababu ya joto, na mimi ni mkweo. Nikatazama sakafu, nikauliza kutoka pale pale: "Baba, boliti za mnara niweke zipi?"

Ukajibu. Sauti yako ilikuwa imebaki ndogo, na feni ilikuwa inapiga kelele. Nikasikia: zinazong'aa.

Nilishangaa. Wallahi nilishangaa. Moyo ukaniambia sogea, uliza tena. Zilikuwa hatua sita tu mpaka kitandani. Lakini mkwe hasogelewi, wala haulizwi mara mbili. Nikasema ndiyo, Baba, nikamwachia Mama uji, nikaondoka. Siku ya tatu ukatutoka.

Nikaweka zinazong'aa. Nilijiambia huenda kuna jambo unalijua ambalo hukuwahi kunifundisha. Na nikwambie ukweli wote, nilifurahi kidogo, maana zilikuwa nzuri machoni. Siku ya kufungua maji watu walisema mama Shadia kauvisha mnara hereni. Nilicheka nao.

Imepita misimu mitatu ya salfa. Mwaka jana niliona unga mweupe pembeni mwa nati, nikadhani ni chokaa ya maji. Mwaka huu nikaona michirizi ya kahawia inashuka kwenye miguu ya mnara. Juzi nikapanda. Nikaivalisha spana boliti mojawapo ya zile zinazoshika mbavu za mnara, nikakaza kidogo tu, na kichwa kikakatika kama muhogo mkavu. Nikajaribu ya pili. Nayo ikakatika.

Chini yangu kulikuwa na foleni ya watoto na ndoo zao. Shadia alikuwa wa nne. Ameanza darasa la pili, Baba, ana meno mawili yaliyong'oka na anaimba huku akingoja maji. Nilikaa juu kule nimeukumbatia mnara nikawa nahesabu vichwa, siwezi kushuka wala siwezi kupiga kelele, nikiogopa hata kukohoa. Sijui nilishukaje.

Nilimwendea mwalimu mkuu, nikamwambia watoto waondoke, tangi limwagwe maji yote, pazungushiwe kamba. Akafanya vile vile, bila kubisha. Ni mama mmoja mgeni wa huku, ametokea Iringa, hana maneno mengi. Aliponiuliza sababu nikasema ni matengenezo. Akanishika mkono, akasema, "Asante, fundi. Angekuwa mwingine asingejali." Nikaitikia asante ile. Nimeimeza na haijashuka mpaka leo.

Sasa wazazi wanataka kujua mnara mpya kiasi kile unaozaje, na nani wa kulaumiwa. Salumu alikaa nami jana alasiri, akasema polepole, "Sema Baba ndiye aliyechagua. Kwani si ndivyo alivyokwambia? Marehemu hajibu." Usimkasirikie mwanao. Anaogopa kwa ajili yangu, anaogopa watasema mwanamke hawezi chuma na hakuna atakayeleta kazi tena. Na yeye anaamini ni kweli, kwa sababu siku ile nilirudi nikamwambia hivyo hivyo nilivyosikia.

Nami nilitaka kuamini. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko kikao. Usiku sikuomba Mungu anisamehe, niliomba uwe umekosea wewe. Nilitamani homa iwe ilikuchanganya, niseme maskini Baba, ugonjwa, na watu wote waitikie maskini.

Leo asubuhi nikamfuata Mama jikoni. Alikuwa anapepeta choroko. Nikamuuliza siku ile hospitali, Baba alinijibu nini. Hakusimamisha hata ungo. Akasema, "Alisema zisizong'aa. Wewe ukaondoka, naye akasema tena, zisizong'aa, zisizong'aa. Akaniuliza, amesikia? Nikamwambia kasikia, mume wangu, lala."

Mama hajui boliti. Kwake ilikuwa ni maneno ya mgonjwa anayeiwaza kazi yake. Aliendelea kupepeta, nami nikakaa chini kwenye majivu.

"Si" na "na", Baba. Herufi mbili zilizoanguka kati ya kitanda na mlango, kwa sababu nilikuwa na adabu.

Kwa hiyo nitasema. Nimeifunga boliti iliyokatika kwenye pindo la kanga, naisikia ikigonga paja kila nikisogea. Nitaiweka mezani mbele ya wazazi, nitarudi nyuma hatua mbili kama ulivyokuwa ukifanya, na nitasema: fundi mkuu alichagua vizuri, mimi ndiye niliyesikia vibaya na nikaona haya kuuliza. Huenda wakanizomea. Huenda wakaniambia niondoe vyuma vyangu nisirudi. Bado naogopa, na sitaki kukudanganya kwamba hofu itakuwa imeisha saa nane. Lakini jina lako halitaingia kwenye kutu hii.

Wakiniruhusu, mnara nitaufungua wote, boliti moja moja. Zitaingia za kijivu, zilizoshiba, na nati zake zenyewe, halafu kila kiungo nikipake rangi ya kuzuia kutu kabla vumbi la njano halijaanza. Wasiponiruhusu, nitamwandikia fundi atakayekuja, nimweleze kuhusu ghala na ukungu, asijifunze kwa kichwa cha mtoto wa mtu. Tangi halitatiwa maji hata ndoo moja kabla ya hapo.

Na ninakuahidi jingine. Nitauliza mara ya pili. Kwa mkubwa, kwa mkwe, kwa aliye kitandani, nitaomba radhi kwanza kisha nitauliza. Shadia nitamfundisha hivyo, Mama yangu wa Lisekese akinuna atanisamehe.

Nisamehe pia mahali nilipokaa. Miaka hii yote nikija nasimama kule penye mkorosho, nasoma dua yangu kwa mbali. Leo nimekaa hapa hapa pembeni ya kichwa chako, karatasi iko juu ya goti, na mchanga wa kaburi lako umeingia kwenye kandambili zangu. Sijawahi kuwa karibu nawe hivi.

Adhana ya adhuhuri imeshalia, lazima niondoke. Kwaheri, Baba. Lala. Ulimuuliza Mama kama nimesikia, naye akakujibu kwa niaba yangu, akakosea. Jibu langu ni hili, nimechelewa nalo misimu mitatu.

Nimesikia, Baba. Zisizong'aa.

Mkweo,
Mama Shadia