Buti Zetu Kwenye Mvua ya Brussels

Papa Bisimwa,

Laiti huko uliko kungekuwa na simu, ningekupigia nikiwa bado Brussels, mguu mmoja peku. Nimezitembeza, Papa! Zile buti zetu za kahawia ulizoziacha juu ya kabati bila kupimwa, nimezitembeza kwenye mvua kutwa nzima, Ulaya, peke yangu. Ngoja nikueleze vizuri, maana hapa ungeshanikatiza: "Tanzanie, polepole, haiko course ya kukimbia."

Ndiyo, mpaka leo wateja wananiita Tanzanie kama ulivyowazoesha. Hakuna anayekumbuka kuwa naitwa Tausi.

Ni miezi saba tangu tukuzike. Karakana yetu ya viatu chini ya ngazi hapa Point, Durban, ipo palepale, ila jengo la jirani linajengwa upya na vumbi linaingia mpaka kwenye gundi. Madereva wa malori wa Clairwood bado wanatuletea buti zao za kazi, na bado zinanuka. Mkeo Mama Chantal hajambo. Anakuja kila Jumatatu kunisalimia na kukagua kama nimefagia. Ndiye aliyenikabidhi kile chuma chako cha kugongea nyota, alama yako, chini ya soli. Alisema tu, "Kamata, iko yako sasa."

Nikakipokea, nikakifungia kwenye kopo. Miezi saba sikugonga nyota hata moja. Wateja wakawa wanageuza viatu vyao vipya, wanauliza, "Eish, nyota iko wapi?" nami nababaisha. Ukweli ni kwamba hukuwahi kuniruhusu. Mwanafunzi wako hagusi nyota mpaka kiatu chake cha kwanza kitembee kutwa kwenye mvua na soksi itoke kavu. Uliisema sheria hiyo mpaka nikawa naiota: "Kiatu haipimwake mu duka, inapimwaka mu mvua. Soksi ikitoka na mayi, unafumua, unaanza tena, point final." Ndiyo maana mwezi wako wa mwisho ulikata ngozi moja ukatugawia, wewe kiatu cha kushoto, mimi cha kulia, vyote viwili saizi yangu, tuone. Ule ndio ulikuwa mtihani wangu, na uliondoka kabla ya kuusahihisha.

Sitakudanganya, mvua ya Durban imenyesha, tena mara nyingi. Kila iliponyesha nikapata udhuru. Mara nina wateja, mara nina mafua. Niliogopa, Papa. Ningefeli ukiwa hai ungenitukana, halafu tungeanza upya. Nikifeli umekufa, nani ataniambia nianze tena?

Basi dada yangu Zuhura, yule aliyeolewa Brussels, akajifungua, akanitumia tiketi nikamsaidie kulea wiki tatu. Buti nikazitia kwenye begi bila kujiuliza mara mbili. Alhamisi moja dada akaniambia, "Nepi umefua za kutosha, nenda kaone mji." Nikafungua pazia: mvua. Hii haikuwa mvua yetu ya kumwagika saa moja na kutuachia jua. Ilikuwa rasharasha isiyo na haraka, kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Nikajisemea, Tausi, leo huna pa kujificha. Nikavaa soksi za kijivu, kwa sababu ulisema nyeupe huficha maji, nikafunga kamba, nikatoka bila mwavuli.

Papa, ungeona! Njia za mawe zinateleza, mara unashuka, mara unapanda mlima kama unakwenda Morningside ya hapa kwetu. Kuna uwanja umezungukwa na majumba yenye dhahabu mpaka kwenye paa. Nilisimama pale mdomo wazi hadi nikameza mvua. Kuna kisanamu cha mtoto anayekojoa, watu wamepanda ndege kuja kukipiga picha, na chenyewe hakimzidi mtoto wa mwaka mmoja. Nilicheka peke yangu kama chizi. Na kila dimbwi nililoliona nilikanyaga makusudi. Babu mmoja wa Kizungu aliniona mtu mzima naruka ndani ya maji, akavuka barabara kunikwepa. Nilikuwa na furaha mpaka nikaionea aibu. Nilikuwa kwenye mji uliokuwa ukiutaja kila siku kwa Kifaransa chako na hukuwahi kuufikia. Mbele ya kila duka la viatu nilisimama kukagua mishono kupitia kioo. Mingine, haki ya Mungu, ungeifumua.

Alasiri nikatokea Matonge, mtaa wa Wakongo, nimelowa kuanzia kichwani hadi magotini. Chini ya magoti sikujua, na sikutaka kujua. Mama mmoja alikuwa mlangoni pa saluni yake. Akaniita, "Eh mama, na hii mvua yote, parapluie iko wapi?"

Kiswahili, Papa! Nikamwambia napima kiatu. Akanitazama miguu.

"Nani alikufundisha ile? Ile iko ya fundi wa Bukavu."

Nikamwambia ndiyo, wewe ni wa Bukavu kweli, nikampa habari zako zote, mpaka za nyota. Akanivuta ndani, akanipa kiti, na wanawake wanne wenye nywele zilizosukwa nusu wakanizunguka kutaka kuona soksi.

Nikavua cha kulia kwanza, changu. Nikaibana soksi kidoleni, kisiginoni, pembeni. Kavu! Kavu kama unga! Saluni nzima ilipiga vigelegele, na mimi nilirukaruka kwa mguu mmoja nikaangusha kopo la mafuta ya nywele.

Halafu nikavua cha kushoto.

Chako kilivuja, Papa.

Nilikigeuza kwenye mwanga. Mishono mitano pale penye kidole kidogo ilikuwa imepinda, haikushika. Mitano tu. Ndipo nikakumbuka ule mwezi wa mwisho ulivyokuwa unageuza kiti kuelekea ukutani ukishona. Mimi nilidhani unanificha nisiige. Nikakutania hata, nikasema mzee anaogopa kupitwa, nawe ukacheka. Kumbe ulikuwa unaificha mikono. Ilikuwa inatetemeka, na mimi niko hatua mbili nyuma yako napiga domo. Nililia mbele ya wale watu nisiowajua na sikuona haya. Mama wa saluni akanipa taulo. "Lia, mama," alisema. "Lakini nyota unaipiga."

Nimerudi Durban Jumamosi. Jana Jumatatu Mama Chantal alipokuja, nilifungua kopo mbele yake. Kiatu changu nimekigonga nyota, pigo moja, imekaa katikati ya soli kabisa. Mama Chantal akanisogezea cha kushoto. Nikamwambia hapana, hiki kimevuja. Alinikazia macho, nikadhani nimemuumiza. Halafu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga: "Angekupiga na talon ya kiatu kama ungemupendelea."

Kwa hiyo usinikasirikie. Nimekunyima nyota kwa sheria yako mwenyewe. Jumamosi hii naifumua ile mishono mitano na kuishona upya. Mingine yote ni yako, siigusi. Mvua ya kwanza ikinyesha nitatoka Point, nipande mpaka Morningside na kurudi, nisimame kwenye kila robot taa ikiwa nyekundu, nikilowa, na safari hii sitatafuta udhuru. Soksi ikitoka kavu, naipiga nyota ya pili siku hiyohiyo, halafu nitazivaa buti hizi mpaka soli ziishe.

Ipumzike mikono yako, Papa. Huna tena wa kumficha.

Wako,
Tanzanie