Maji Katika Bawa la Kushoto

Kuigaq,
Mto Kuskokwim,
Alaska.
3 Oktoba, 1994

Mpendwa mdogo wangu Zakar,

Hujambo wewe, na kifua je? Joto la huko Arizona limekutuliza kikohozi au limekuongezea maradhi mengine? Mkeo Delores na watoto nawasalimu kabla sijasema lolote. Mimi ni mzima. Goti hulalamika baridi ikianza, lakini bado linanipandisha ngazi nikiwa kazini.

Mto haujaganda, ila asubuhi kingoni pana utando wa barafu. Samaki mwaka huu nilikausha wachache tu, maana wa kula ni nani? Tangu mume wangu Efim afariki, na unajua alivyokuwa hawezi kunyamaza yule, nyumba imepoa. Kuna siku nzima inapita sauti yangu sijaisikia. Redio naiacha ikiongea peke yake jikoni.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ni habari za Wassillie, mtoto wa marehemu kaka yetu Evon. Najua ulimpigia simu ukamkaripia, kwa sababu siku ile alikuja kwangu akakaa bila hata kuvua koti. Sikulaumu. Uliambiwa walivyoambiwa wote: kwamba yeye, rubani, alizembea, hakutoa maji kwenye tangi kabla ya kuruka, injini ikamzimikia hewani, akatua kwa kishindo kwenye fungu la mchanga na abiria wake, bibi Olinka, akavunjika mkono.

Wewe umeondoka zamani, kwa hiyo nikukumbushe. Baridi na joto vikipokezana, tangi la ndege hutoka jasho kwa ndani. Yale maji huzama chini ya petroli, na injini ikiyanywa, inakufa. Ndiyo maana kila asubuhi rubani hufungua kivali, kile kibomba kidogo kilicho chini ya bawa, akakinga kidogo kwenye chupa na kutazama. Wassillie aliapa kwamba alikinga, na kwamba petroli ilikuwa safi.

Hakuna aliyemwamini. Akiingia dukani, watu wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi nyumbani. Kwenye bafu la mvuke, ambako wanaume hubanana wakicheka mpaka nje unawasikia, akawa anaoga peke yake. Trefon, mwenye ndege, akamwambia arudishe ufunguo.

Ndege ikaletwa kwa mashua bandani kwangu, niitengeneze kama ninavyozitengeneza nyingine zote. Mguu wake uliopinda niliunyoosha, hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni injini. Chujio la petroli lilikuwa safi. Pampu ilisukuma vizuri. Tundu la kuingizia hewa tangini, ambalo barafu hupenda kuliziba, lilikuwa wazi. Nikakinga petroli mabawa yote mawili, sikuona hata tone la maji. Nikaiwasha, ikanguruma kama imetoka kiwandani leo.

Hapo ndipo nilipoogopa, Zakar. Kama injini haina kosa, basi mwenye kosa ni mtoto wetu. Na kama kosa lipo ila mimi ndiye nisiyeliona, Trefon atampa rubani mwingine ndege ile ile, na huyo naye atazimikiwa juu ya mto wenye barafu.

Nikamfuata Wassillie kwake. Nilimkuta ameketi, mapazia yamefungwa mchana kweupe.

"Umekuja kuniuliza kama nilikinga?" akasema. "Hata wewe, shangazi?"

"Sikuulizi hilo. Nakuuliza ndege ilikuwa imekaaje ilipozima."

Akainua kichwa. Nadhani katika kelele zote zile hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo.

"Ilikuwa inakimbia vizuri," akasema polepole. "Mkia ukanyanyuka, nikaruka. Nikalalia kulia kuelekea mtoni. Ikakohoa. Ikafa."

"Vaa viatu," nikamwambia.

Ndege ile ikiwa chini, mkia wake hugusa ardhi na pua hutazama juu. Mimi nilikuwa nimeipima hivyo hivyo, imekaa kama bata. Tukaunyanyua mkia, tukauweka juu ya pipa, ndege ikalala sawa kama inavyokaa hewani. Kisha Wassillie akashika ncha ya bawa la kushoto, akalitikisa juu na chini, juu na chini. Nikafungua kivali, nikakinga.

Yakatoka maji. Chupa ikajaa. Nikamwaga, nikakinga tena, yakatoka mengine.

Wassillie aliiacha ncha ya bawa, akaja kutazama ile chupa. Akaketi sakafuni pale pale kwenye mafuta. "Nilikinga, shangazi," akasema. "Nilikinga mimi." Mtu mzima yule, analia. Nikamwekea mkono kichwani kama nilivyokuwa nikifanya alipokuwa mdogo.

Tangi lenyewe ni mfuko wa mpira uliotandazwa ndani ya bawa. Nilipoingiza mkono niligusa mkunjo mkubwa sakafuni mwake, kama shuka lililotandikwa ovyo. Mkia ukiwa chini, maji yanajificha nyuma ya mkunjo, na huko kivali hakiyafikii. Mkia ukinyanyuka, yanauruka na kwenda moja kwa moja kwenye injini. Rubani yeyote angekinga, na angeona petroli safi.

Trefon nilimwita aje aone kwa macho yake. Aliguna tu, akautoa ufunguo mfukoni, akaupachika kwenye mlango wa ndege, akaondoka bila kuaga. Ndivyo alivyo, unamjua.

Tangi nililitandika upya, na Wassillie akairusha ndege peke yake mpaka nikaridhika. Lakini abiria hawakuja. Ukweli ulikuwa umetoka bandani, ila watu waliona haya kuwa wa kwanza kugeuza maneno. Wassillie akawa anabeba barua na mabunda tu, akiniambia atahamia Fairbanks, ambako hakuna anayemjua.

Jana nikamwona bibi Olinka anakuja kiwanjani, mkono kwenye bandeji ngumu, bakuli la akutaq, mafuta yake ya kupigwa na matunda ya porini, kwapani. Alikuwa anarudi hospitali Bethel kukaguliwa.

"Wewe," akamwita Wassillie, "nipandishe. Nikae mbele nikuone. Na leo usinimwage."

"Bibi, una hakika?"

"Nina njaa na nina baridi. Washa."

Alimpandisha kama mtu anayebeba mayai. Watu wa dukani wakatoka mlangoni kutazama. Ndege ikakimbia, mkia ukanyanyuka, ikalalia kulia juu ya mto, na injini ikaimba bila kukohoa mpaka ikapotelea mawinguni. Nikageuka nimwambie Efim. Hakukuwa na mtu, upepo tu na mapipa matupu. Nikasimama pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Zakar, mpigie mwanao Wassillie simu. Usimweleze mengi, mwambie tu baba mdogo anamsalimu. Na ukipata nauli, njoo mto ukiyeyuka, tukaushe samaki wengi.

Nisalimie Delores, na wanangu Nadia na Simeon. Olinka naye anawasalimu. Mungu awatunze huko jangwani, na akufungulie kifua.

Ni mimi dada yako, nisiyeacha kukupenda,

Marfa