Nilichokiruka Nilipomtafsiria Mama

Alhamisi, saa tisa alasiri. Nyakisasa, Ngara.

Ukungu haujaondoka migombani tangu asubuhi, na mvua inanyesha kwa vipindi. Ni siku ya tano tangu mama aondolewe kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo, katika hospitali ya rufaa iliyo mbali na hapa. Tulirudi nyumbani juzi.

Naandika kwenye simu, nikiwa na hofu ambayo shahada yangu ya afya ya jamii haikunifundisha kuibeba.

Kabla ya upasuaji, daktari alieleza kila jambo kwa Kiswahili. Mama husikia Kiswahili cha sokoni, lakini maneno ya hospitali humpita. Hivyo nilijitolea kumtafsiria kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani. Nilimwambia kwamba matundu ni manne, vidonda ni vidogo, atapona upesi. Daktari alisema pia kwamba, kwa nadra, mrija wa nyongo huweza kujeruhiwa na nyongo ikavujia tumboni. Hilo nililiruka. Nilichelea angekataa. Tena, niwe mkweli, nilipenda jinsi wauguzi walivyonitazama: msomi anayejua kuzungumza na watu wake.

“Umemweleza yote?” daktari aliuliza.

“Yote, daktari.”

Mama akaweka dole gumba kwenye fomu ya kukubali upasuaji.

Jana alilalamikia bega. Nikamjibu kwa uhakika kwamba ni hewa waliyomjaza tumboni wakati wa upasuaji, itaisha. Leo tumbo limevimba, ana homa, na uji haujaguswa. Mama Devota, jirani tunayesali naye katika jumuiya ya kanisa, alipokuja kumjulia hali, mama alimwambia kwa fahari, “Mwanangu kasoma. Kasema ni vitundu tu.”

“Na hayo macho ya manjano, nayo yamesoma?”

Mama Devota hakucheka.

Nilimsogeza mama mlangoni, penye mwanga. Ni manjano.

Nimepiga simu wodini. Muuguzi hakuniacha nimalize: “Mleteni leo hii. Msingoje kesho.” Gari nililokodi limekwisha kutoka Ngara mjini.

Lakini mama amekataa kuvaa. “Kama daktari alijua haya yanaweza kunipata akaninyamazia, sirudi mikononi mwake. Nitafia kwangu.”

Daktari hakumnyamazia.

Nasikia gari likipambana na matope kule mteremkoni. Nikimwambia ukweli, huenda asiniamini tena maisha yake yote. Nikinyamaza, maisha hayo yaweza kuwa siku mbili.

Naweka simu chini. Naingia chumbani kwake.