Falonne Amekupokelea

Butembo, Mususa

Papa,

Tuko wazima, na maharagwe ya Vuhovi yameota vizuri. Mbele yako sauti yangu hupotea, ndiyo maana ninaandika.

Mama hana avoka wa kumtetea. Aliomba talaka mwenyewe mahakamani, kwenye tribunal, pamoja na kurudishiwa mdogo wangu Jephté. Kwanza alinituma mimi kwako Beni na karatasi ya kukuita mbele ya hakimu. Uliitupa motoni, ukacheka: "Tangu lini mutoto anaita baba yake kwa juge?" Jephté akaniuliza kama nimekuja kumuchukua. Nikarudi Butembo bila yeye. Hilo sijakusamehe.

Karani alimwambia Mama kwamba mtoto haruhusiwi kuipeleka, ni kazi ya huissier, mjumbe wa tribunal. Jumanne huissier akafika kwako. Ulijificha chumbani, ukamwacha Falonne, mwanamke unayeishi naye, aseme umeenda Kyavinyonge kununua samaki. Lakini huissier alisikia kikohozi chako, na ametusimulia yote.

Alimuuliza Falonne yeye ni nani. Angejibu kwamba ni mgeni, ungepona. Lakini alisimama katikati ya mlango: "Mimi ni bibi yake, muke wake! Ninaishi hapa naye. Uliza majirani, quartier yote!"

"Basi, mama, mutu wa nyumba anaweza kumupokelea karatasi," huissier akasema, akampa kalamu. Falonne akatia sahihi.

Kwa hiyo umeitwa, Papa, hata kama ulikuwa chini ya kitanda. Juge atasikiliza kesi, uje usije. Heri uje, na umulete Jephté na viatu vyake vya shule.

Binti yako,
Séphora